Begi la maji nililolichagua kwa njia za Gelai na Natron

Chupa mbili zilirudi nyumbani zimejaa. Hizo ndizo zilizonifanya nianze kutafuta begi la maji la kubeba mgongoni, lile lenye mrija wa kunywea.

Ilikuwa Oktoba, wakati Longido nzima inapotazama juu na haioni wingu. Mimi ni daktari wa mifugo, na siku hiyo nilikuwa natoka Gelai Lumbwa kurudi Kitumbeine baada ya kuchanja mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka. Nyuma ya pikipiki, Yamaha DT 125 ninayoipenda kuliko gari lolote, nilikuwa nimefunga kasha la chanjo, na pembeni mfuko wa turubai wenye chupa tatu za maji, kila moja lita moja na nusu. Kwa hiyo maji nilikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini ili ninywe ilibidi nitafute mahali pagumu ambapo stendi haitazama mchangani, nizime injini, nivue glavu, nivue kofia ngumu, nifungue kamba za mpira, ninywe, kisha nirudie yote kinyumenyume. Nikawa najiambia nitasimama kwenye ule mgunga pale mbele. Nikiufikia, naona njia imenyooka vizuri, nauacha, naahidi mwingine.

Kufika saa nane mchana kichwa kilikuwa kinagonga nyuma ya macho na ulimi umenata. Nikaanza kuchagua njia vibaya. Kwenye korongo moja la mchanga ambalo nimelivuka mara nyingi sana, nilipunguza mafuta pale hasa panapotakiwa kuongeza, gurudumu la mbele likajichimbia, nikaenda chini. Kiwiko kilichubuka, basi. Nilikaa kwenye kivuli kidogo cha pikipiki, nikavuta ngozi ya nyuma ya kiganja changu kama ninavyovuta ngozi ya shingo ya ndama anayeharisha, nikaiachia. Ilichelewa kurudi. Kipimo hicho nimewafundisha wafugaji kwa miaka. Ndama akiwa hivyo natundika dripu bila kujadiliana na mtu.

Nilimaliza chupa moja pale pale, nikafika Kitumbeine, nikafika nyumbani, na nilipofungua ule mfuko wa turubai zile mbili zilikuwa hazijaguswa. Nilitembea na kilo tatu za maji siku nzima huku naumwa kiu. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa begi lolote ni hili: nikiwa nimesimama juu ya vikanyagio, mikono yote miwili kwenye usukani na njia mbaya mbele, nitakunywa au sitakunywa? Ukubwa, mifuko ya pembeni na rangi vinakuja baadaye.

Nilipoanza kusoma habari za mabegi haya nilikuta yametokana na dripu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani aitwaye Michael Eidson, aliyekuwa mhudumu wa dharura za kitabibu, alishiriki mbio za baiskeli za maili 100 huko Wichita Falls, Texas. Mbio hizo hufanyika Agosti, kwenye joto kali, na jina lenyewe ni Hotter'N Hell Hundred. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akauingiza kwenye soksi ndefu, akaushona mgongoni mwa fulana yake, kisha mrija akaupitisha begani. Kutoka hapo ikazaliwa CamelBak, kampuni ya mabegi haya. Kwa sisi tunaoshika dripu kila wiki, wazo hilo halihitaji maelezo. Nilishangaa tu kwamba nilikuwa nimebeba vifaa hivyo hivyo kwenye sanduku langu la kazi kwa miaka yote hiyo, kwa ajili ya ng'ombe.

Begi langu la kwanza nililipata soko la Kilombero, Arusha, kwenye mitumba, kwa shilingi 25,000. Lilikuwa jembamba, limeshonwa kwa ajili ya baiskeli, na ndani lina mfuko wa lita tatu. Kwenye lami kutoka Arusha hadi Longido mjini sikuwa na malalamiko. Tatizo lilianza nilipoacha lami. Mwendesha baiskeli huinama, mgongo unakuwa kama meza na begi linalala juu yake. Sisi porini tunasimama, tunakunja magoti, mwili unapanda na kushuka siku nzima, na zile barabara zilizojikunja kama bati hazikuachii hata dakika. Kila tuta begi lilinyanyuka na kurudi. Lita tatu ni kilo tatu, na kilo tatu zinazoruka mgongoni huchosha mabega kuliko kilo sita zilizotulia. Kwenye breki maji yalikimbilia begani, kwenye kona yakavuta upande. Nilifika mahali nikalifunga kwa kanga, nikaizungusha kifuani mara mbili na kupiga fundo. Kanga ilifanya kazi nzuri kuliko mikanda yote ya begi lile, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninachotafuta ni ufungaji unaokaa kama kanga.

Begi hilo pia lilivuja. Kizibo chake kilikuwa na pete ya mpira iliyokauka, na maji yakapita polepole hadi kwenye daftari langu la chanjo. Nilitumia usiku mzima kunakili majina ya kaya upya huku wino ukiwa umesambaa. Ukinunua la mtumba, tazama pete hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Jaza mfuko maji, ulaze kifudifudi juu ya gazeti, uukalie kidogo, usubiri nusu saa. Muuzaji akikataa, ondoka.

La pili nilipewa na kaka yangu. Yeye ni mwongozaji wa wapanda mlima Kilimanjaro, na wageni wakimaliza safari mara nyingine huacha vifaa. Lilikuwa begi zuri la kupandia mlima, refu, lenye nafasi ya lita ishirini na zaidi. Lakini refu! Kwa mtu anayetembea si shida. Kwa aliyevaa kofia ngumu ya pikipiki, yenye kisogo kinachoshuka, kila nilipoinua uso kutazama juu ya mwinuko kofia iligonga kichwa cha begi na kunisukuma macho chini. Kwenye mwinuko wa mawe unataka kuona pale juu unapokwenda, na mimi nilikuwa natazama tairi.

Ubaya mwingine wa begi kubwa ni kwamba utalijaza. Niliweka pampu, spana, cheni ya akiba. Kaka aliliinua siku moja nilipopita kwake Moshi, akalishusha, akaniuliza nikianguka chali mgongo utatua juu ya nini. Sikuwa na jibu. Vyuma vyote vilihamia kwenye pikipiki siku hiyo hiyo, na hadi leo begi langu halibebi kitu kigumu. Lina maji, bandeji, kanga nyepesi, na biskuti.

Pamoja na begi, kaka alinipa ujuzi ambao nautumia kila siku. Usiku wa kupanda kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni, maji yaliyobaki ndani ya mrija huganda, na mgeni anabaki na lita mbili mgongoni asizoweza kunywa. Kwa hiyo waongozaji huwafundisha wageni kupuliza baada ya kunywa, maji yote ya kwenye mrija yarudi ndani ya mfuko. Mimi nikaupeleka ujuzi huo chini kabisa, kwenye Ziwa Natron, mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ambako mrija ukikaa juani dakika kumi unakupa chai. Puliza, maji yarudi kwenye baridi ya mfuko, na funda linalofuata linakuwa la kunyweka. Barafu na jua vimekutana kwenye pumzi moja. Ukipata mrija wenye ala ya kitambaa kinene, ni vizuri zaidi, lakini kupuliza hakuna gharama.

Begi la tatu, ninalolitumia sasa, nililinunua kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya tairi ya nyuma. Sijutii. Mikanda yake haishuki wima kutoka begani kama begi la shule. Inatoka pande nne, miwili juu na miwili chini, na yote inakutana katikati ya kifua kwenye kifungio kimoja. Halina mkanda wa kiunoni wa kukukaba tumbo unapokaa na kusimama. Kampuni ya USWE ya Sweden inajulikana kwa mtindo huu, na Kriega ya Uingereza nao wana ufungaji wao ambao unahamisha uzito kutoka mabegani kuuleta kifuani. Kwa jina lolote, kitu cha kutafuta ni hicho cha kukutana kifuani na kubana sawasawa pande zote, tena kwa mikanda yenye mvuto kidogo ili upumue. Mfuko unapopungua maji begi hulegea, na mikanda yenye mvuto hulifuata. Ile mingine itabidi uivute upya kila baada ya saa.

Kwa dada zangu mnaoendesha, niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Mkanda wa kawaida wa kifuani, ule mmoja wa kukatisha, kwetu hukaa vibaya: ama unapanda shingoni ama unabana pasipobanika. Mikanda inayokutana kwenye mfupa wa katikati ya kifua, juu, huniacha huru. Lakini miili haifanani. Jaribu ukiwa umevaa kila kitu, pamoja na kinga ya kifua na mgongo kama unaitumia, kwa sababu kinga huongeza unene na mikanda mingine haifiki. Vaa na kofia. Omba maji, begi lijazwe. Kisha simama kama uko juu ya vikanyagio, viwiko nje, ruka mara ishirini, inua uso, geuza shingo kushoto na kulia. Mrija usipofika mdomoni kwa kupita chini ya kidevu cha kofia, au ukikuvuta unapogeuka, huo ni mfupi. Watu dukani watakutazama. Waache wakutazame.

Sasa kinyonyeo, ile ncha ya mrija inayoingia mdomoni. Hapa ndipo vumbi la kwetu linapodai begi la kwake. Kati ya Engare Sero na ziwani kuna magadi hewani na jivu la volkano ya Ol Doinyo Lengai, na kinyonyeo kisicho na kifuniko kitakupa tope kinywani mara ya kwanza utakapokinyonya. Nataka kifuniko kidogo ninachoweza kukisukuma kwa kidevu au kwa kidole cha glavu, na kinyonyeo kilichopinda, kinachoelekea mdomoni chenyewe. Nataka pia kitasa cha kufunga maji, maana ukilaza begi kitandani na uzito ukaangukia kinyonyeo, utaamka kwenye bwawa.

Mabegi mengi siku hizi hushikilia mrija kifuani kwa sumaku. Nililipenda sana wazo hilo mpaka nilipolipeleka Natron. Mchanga wa volkano una chembe za chuma. Wengi mnaujua ule mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai, ambao ukiurusha chembe zake hurudiana kwa usumaku, nao asili yake ni jivu la Lengai hiyo hiyo. Sumaku yangu iliota ndevu nyeusi kufikia saa sita mchana, sentimita chache tu kutoka kwenye kinywa changu. Niliing'oa, nikaweka kibanio cha plastiki. Kama unaendesha Lushoto au Iringa huenda sumaku isikusumbue.

Kuhusu ukubwa, nimerudi kwenye lita mbili. Najua wengi husema chukua la lita tatu, usipotaka usilijaze. Lakini mfuko mkubwa uliojazwa nusu hucheza zaidi kuliko mdogo uliojaa. Nabeba mbili mgongoni na tatu kwenye pikipiki, na nikisimama kwenye boma la kwanza nahamisha. Ukishajaza, geuza mfuko juu chini, nyonya hewa yote itoke kupitia mrija. Bila hewa maji hayapigi kelele na hayakimbii huku na huku. Jambo dogo, tofauti yake mgongoni ni kubwa.

Mdomo wa mfuko uwe wa kufunguka wote, ule unaofungwa kwa kitelezi, kuliko kizibo cha kuzungusha. Sababu ni kuosha. Mkono wangu unaingia hadi chini, naupindua nje ndani, naanika. Kwa kizibo cha duara utafika nusu, na ile nusu nyingine itaota ukungu mweusi. Mimi naosha kwa maji ya vuguvugu na magadi ya kupikia, mrija napitisha kamba nyembamba yenye kitambaa, kinyonyeo nakichomoa na kukisugua peke yake. Halafu natundika kwenye kamba ya nguo kivulini, mdomo ukiwa wazi kwa kijiti. Mkikaa na akina mama wa Kimaasai mtaona wanavyotunza kibuyu cha maziwa, wanavyochoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, na kusugua ndani hadi kibuyu kinuke moshi mtamu, na maziwa yakae bila kuharibika. Chombo chenye mdomo mwembamba kinataka nidhamu hiyo. Mfuko wa plastiki hauwezi kuchomwa kwa kaa, ila uangalifu ni ule ule, kila siku, si siku ya safari tu. Nisiposafiri nao wiki nzima naukunja na kuuweka kwenye jokofu la nyumbani sehemu ya kugandishia, ukungu haupati nafasi. La nyumbani, narudia. Friji ya chanjo ni ya chanjo, na mtu atakayeniwekea chupa ya maji humo tutakosana.

Ndani ya mfuko naweka maji matupu. Sukari ndiyo inayoalika ukungu, na harufu ya machungwa haitoki kwenye plastiki. Lakini maji matupu peke yake siku nzima ya jasho hayatoshi, maana jasho linaondoka na chumvi, na mtu anaweza kunywa lita nyingi na bado akalegea na kuumwa kichwa. Nabeba pakiti mbili za ORS, moja kwa lita moja, nachanganya kwenye chupa ya pembeni na kunywa ninaposimama kula. Haina utamu wa soda, ila misuli ya mapaja baada ya saa tano za kusimama inaielewa.

Maji yenyewe mnajua kwetu ni habari nyingine. Visima na vijito vingi kuzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, ndiyo maana ya meno ya kahawia ya watoto wengi wa huku. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Siku moja ya safari haitakudhuru, ila mimi hujaza nyumbani ninapojua maji yametoka wapi.

Kunywa kwenyewe nimekufanya desturi: kila nikitoka korongoni, funda mbili, napuliza, naendelea. Sisubiri kiu. Mkono haugusi kitu, nainamisha kidevu tu, nakamata kinyonyeo kwa meno.

Mwezi uliopita nilikuwa njiani kwenda Gelai Meirugoi, mlima wa Gelai kulia kwangu umefunikwa na vumbi, na nikasikia mrija ukivuta hewa, mlio ule wa kufyonza chini ya glasi. Lita mbili zimekwisha na ilikuwa bado saa tano asubuhi. Nilisimama penye boma la kwanza. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mgunga, nikamwamkia, akaitikia, akawa anautazama mrija unaoning'inia kifuani.

"Daktari, hiyo ni dripu?"

"Ni maji ya kunywa, mzee wangu. Yamekwisha."

Akaomba auone. Nikavua begi, akafinya kinyonyeo kwa kidole gumba na cha shahada kama anayepima chuchu ya mbuzi kabla ya kukamua, akafungua mfuko, akaingiza mkono mzima ndani, akanusa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwita mjukuu wake alete dumu kutoka kwenye pikipiki yangu. Yule kijana alishika mdomo wa mfuko wazi, mimi nikamimina, mzee akasimamia hadi hewa yote ikatoka. Mbuzi walikuwa wameshaanza kufikishwa zizini, mia mbili na zaidi, na barafu kwenye kasha la chanjo ilikuwa ya kutosha hadi jioni.